Vipindi Vitatu, Kura Arobaini na Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Fomu imefika. Kurasa nne, bahasha ina nembo ya Baraza la Jimbo, ileile niliyoivaa kifuani miaka kumi na mitano. Wanatoa kitabu cha wajumbe wote wa zamani. Juu wameandika kwa herufi kubwa: HISTORIA YA UTUMISHI NA UCHAGUZI. Jina langu wamelikosea. Miaka kumi na mitano ndani ya jengo lile, na jina wamelikosea!

Mchana karani wa maktaba yao akapiga simu. Sauti changa, adabu tele. Bibi, tunaiomba kabla ofisi haijafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Bibi! Zamani simu ya Baraza ikilia humu ilikuwa Mheshimiwa, Mheshimiwa, mpaka masikio yanachoka.

Nimeitupa juu ya kabati.

Jumanne, 5 Machi

Nimeishusha. Nani nitamdanganya, nilikuwa naiwaza tangu asubuhi.

Kazi kabla ya siasa: mkunga, miaka kumi na mmoja. Uchaguzi wa kwanza—nilishinda kwa kura arobaini na tatu. Wa pili nilishinda, mpinzani alikuwa kinyozi aliyegombea kwa sababu ya ubishi. Wa tatu nilishinda kwa kishindo. Huo ndio mwaka niliojengesha daraja. Wauza mboga mpaka leo wananiita Mama Daraja, ila watoto wao wanadhani ni jina la ukoo.

Wa nne nilishindwa. Na mtoto wa kaka yangu.

Maisha yangu yote, na karatasi bado ina nafasi.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja mwenyewe! Naibu Spika mzima. Miaka minane simwoni isipokuwa misibani, leo magari mawili, moja limeziba mlango wa duka la jirani. Mtoto niliyemlea tangu ana miaka tisa, kaka alipofariki. Aliyekuwa wakala wangu, aliyenibebea mabango. Akaingia akaketi kwenye kiti changu. Si cha wageni. Changu.

"Shangazi, umependeza."

"Sema shida yako."

Akacheka. Mwezi ujao anagombea uspika. Wabaya wake wamefukua uchaguzi wetu, wanasema aliniibia kura. Anachotaka ni kidogo tu: kwenye sehemu ya maelezo binafsi niandike kwamba niliondoa ile kesi ya kupinga matokeo mahakamani kwa sababu niliridhika alishinda kwa haki. Sentensi moja, shangazi. Na ule ukumbi mpya wa kamati utaitwa kwa jina langu.

Nikamwambia masanduku mawili ya ng'ambo ya daraja yalikataliwa, eti lakiri za kuyafungia zimevunjika. Yote mawili! Na yote ya kwangu! Nikamuuliza hilo niliridhika nalo lini.

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Akainama, akasema polepole, kama enzi zile akiniomba viatu vipya:

"Shangazi, mimi kazi hiyo niliifanya kwa mara ya kwanza kwa ajili ya nani?"

Akaondoka. Chai hakuigusa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefua mapazia. Hayakuwa machafu.

Jumapili, 10 Machi

Haya. Niandike hapa, hapa hakuna wa kunisoma.

Uchaguzi wa kwanza nilipambana na Mwalimu. Anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu, mpaka leo. Aliacha kazi ili agombee. Mafundi wa karakana ya ngozi wote walikuwa upande wake, alikuwa amewafundishia watoto wao kusoma. Sanduku la pale lilikuwa na kura karibu mia nne. Sote tulijua likifika ukumbi wa kuhesabia kura nimekwisha.

Saa nane mchana mtoto wa kaka akaingia ukumbini, shati limelowa jasho. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shangazi, la karakana limekataliwa. Lakiri imevunjika.

"Imevunjikaje?"

Akaweka mikono nyuma, vilevile alivyokuwa akifanya utotoni akivunja sahani. Nikajua. Hapohapo nikajua! Nilichomwambia ni hiki, neno kwa neno: "Kanawe uso, tunakwenda kutangazwa."

Basi. Ndiyo malezi niliyompa.

Mwalimu hakurudishiwa kazi yake. Tangu hapo anafundisha watoto wa watu barazani kwake. Tukikutana ananivulia kofia: Mheshimiwa, habari za nyumbani? Miaka na miaka nilidhani ananikejeli. Hapana. Anasalimia tu. Hilo ndilo linaniua.

Na kesi. Wakili aliniambia tunashinda, ushahidi umenyooka. Ndipo mtoto wa kaka akanitumia ujumbe: tukifika kortini nitaulizwa nilianzia wapi, shangazi. Kesho yake nikaiondoa. Gazeti likaandika eti mimi ni mama anayeweka undugu mbele. Na mimi—aibu gani hii!—nikakata kile kipande cha gazeti nikakitia kwenye fremu.

Leo nimekitoa. Ukutani limebaki doa jeupe.

Jumanne, 12 Machi

Karani kapiga tena. Kumbe ofisi ya Naibu imeshampelekea maelezo yangu yamechapwa, yanangoja saini tu. Akashusha sauti. Bibi, haya maneno ni yako kweli?

Nikamuuliza kwa nini anashuku.

"Jina lako limekosewa hata humu. Mtu hakosei jina lake mwenyewe."

Nikacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Nikamwambia asubiri, nitaandika kwa mkono wangu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeandika. Uchaguzi wa kwanza: nilitangazwa mshindi, sanduku la karakana ya ngozi halikuhesabiwa, na nilijua kwa nini. Uchaguzi wa nne: nilifanyiwa vivyo hivyo, na aliyenifanyia ni yuleyule aliyenifanyia kazi ile ya kwanza. Kesi niliiondoa kwa woga.

Kisha nikafanya ujinga, nikampigia simu nimweleze. Nilimlea, nilidhani anastahili kusikia kwangu. Akapaza sauti. Utaniangusha, shangazi! Na daraja lako watasema limejengwa na mwizi!

"Litakuwa limejengwa na mwizi, lakini lipo."

"Unafanya hivi kwa uchungu tu."

Akakata.

Na ni kweli, laana! Kama asingekalia kiti changu ningekwenda na siri hii kaburini, nimenyamaza, nimenyooka kama mtakatifu. Haki sikuikumbuka miaka yote ile niliyokuwa napigiwa saluti. Nimeikumbuka nilipotukanwa. Sijui kama ukweli unaosemwa kwa kinyongo unahesabika.

Bahasha sijaifunga.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa barazani kwa Mwalimu. Sikuweza kuipeleka fomu kabla hajaisikia. Angekuja kusomewa na majirani kitabuni, mimi nimejifungia ndani? Ningekuwa mtu gani.

Ubao mweusi umeegeshwa ukutani, chaki zimepangwa kwenye kopo la maziwa. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo nitamsomea mwenyewe. Kwa sauti.

Binti yake, mshonaji, alinipokea na sindano mdomoni. Akaitoa. Umekuja kuomba kura? Nikasema siku hizo zimepita. Akaniangalia juu mpaka chini. Kama umekuja kusema lile ninalolidhani, useme upesi, baba ana presha. Kumbe wanajua! Miaka yote hii wanajua, na bado wananisalimia.

Ameingia kumwita. Nawasikia, ukuta ni mwembamba.

Nani?

Anamtajia jina langu. Jina kamili, bila kulikosea.

Cherehani haiendi, hata mtaani hakuna anayepita. Halafu sauti yake, ileile ya darasani: mwambie angoje kidogo, nivae shati.

Mungu wangu. Anavaa shati kwa ajili yangu.

Saa tisa na robo. Karani anafunga saa kumi. Naandika mbiombio, mwandiko huu sitaweza kuusoma kesho. Anatoka—