Mfereji Mpya Tumboni

Bibi, mke wangu wa Kharumwa, shikamoo!

Hapa Shinyanga ni vumbi, na uji wa hospitali hauna chumvi. Daktari kanichora tumboni kwa kidole: mshipa unaoingia kwenye ini umeziba, ndiyo maana nilitapika damu. Kesho atauunga na mshipa mkubwa wa jirani, damu ipite kando. Nikamwambia, "Mbona kazi yenyewe naijua! Mgodini maji yakikwama tunayachepusha hivyohivyo." Akacheka: "Basi kesho uje na sururu yako."

Mdogo wangu Doto, anayekusomea hii, asijifanye bwana harusi. Kigoda changu cha jikoni asikikalie. Kila ukipika matobolwa ya karanga, viazi vyetu vile vilivyokaushwa, nibakizie kidogo, hata nikichelewa sana.

Mjukuu na mumeo asiyeogopa (sana),
Masanja