Herufi Moja Wiki Nzima

Dada yangu,

Binti yetu amepewa madarasa yote matatu ya watoto wadogo ayasimamie! Yote matatu! Waliokuwa wakimcheka sasa watamwomba ruhusa hata ya kuchukua chaki. Nimekupa hilo kwanza, maana ningeanza na salamu ningepasuka.

Haya, sasa nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Magoti yako yanaendeleaje? Shemeji amepona kile kikohozi, au bado anakitumia kukwepa kazi? Sisi huku wazima, tunakula na kulala.

Alipopangiwa wale wa miaka mitano, mwanangu hakufanya kama wenzake. Alichukua herufi moja tu, p, akakaa nayo wiki nzima. Jumatatu hakuandika chochote ubaoni. Aligawa vipande vya karatasi vyembamba kama utambi, kila mtoto akashika chake mbele ya mdomo. Akawaambia wafunge midomo kisha waiachie ghafla, bila kusema pa wala pi, sauti peke yake. Karatasi ikiruka, umeipata. Jumanne akaja na kapu: pasi, pete, sabuni, pamba, kijiko, puto. Kila kitu kikitoka wanakitaja, na kama kinaanza na ile sauti kinawekwa mezani, kama sivyo kinarudi kapuni. Sabuni ilizua ugomvi, maana kuna mmoja alishikilia kuwa lile ni povu, na povu lina haki ya kukaa mezani. Mwanangu akampa povu lake, sabuni ikarudi kapuni. Herufi yenyewe ilikuja Jumatano, wakaichora kwa kidole kwenye sinia la mchanga: mguu mrefu unaoshuka, na tumbo linalotazama mbele.

Sasa msikie mwalimu wa darasa la jirani. Watoto wanamwita Kasuku, na mimi sioni sababu ya kuwakataza. Ana fimbo ndefu na chati iliyofifia tangu wewe na mimi tuna meno ya utoto. Anaigonga chati, watoto wanaimba pa pe pi po pu mpaka bati linatikisika, naye anatembea kifua mbele utafikiri yeye ndiye aliyevumbua kusoma. Huyo ndiye aliyesema mbele ya walimu wote kwamba kwa mwendo wa binti yangu watoto watamaliza herufi wakiwa na ndevu. Wakacheka, watu wazima wenye vyeti! Na aliyewachekesha ni mtu ambaye hata vifungo vya shati lake havijawahi kukutana na matundu yao.

Ijumaa ikakutwa barua kwenye sanduku la maoni, haina jina, ikisema kuwa wazazi wamechoka na mwalimu anayefundisha kupuliza karatasi. Mwalimu mkuu ni mama anayeogopa wazazi kuliko moto. Akamwambia binti yangu ana wiki mbili, na watoto wasipojua kitu atahamishiwa stoo akalinde madaftari. Mwanangu alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akakaa palepale asiingie ndani.

Lawama ikamwangukia fundi cherehani wa mtaani kwetu, kwa kuwa ndiye aliyesimama kwenye uzio wa shule akauliza kwa sauti kama mwanangu ameajiriwa kuwafundisha watoto kuzima mishumaa. Mdomo wa yule bibi haujapigwa pindo. Aliapa hakuandika, hakuna aliyemsikiliza. Shule ikamnyang'anya kazi ya kushona sare. Na mimi nikapita mbele ya mlango wake na kitambaa changu kwapani, nakwenda kwa fundi mwingine, taratibu, aone vizuri.

Wiki mbili zikaisha, mwalimu mkuu akaja na kadi. Akaanza kwa Kasuku. Akanyanyua po, wakaimba pa. Akanyanyua pu, wakaimba pe, macho dirishani, raha mustarehe. Akageuza kadi upande mtupu, Dada, upande usio na kitu, wakaimba pi! Kasuku akasema watoto wana woga. Woga gani huo unaoimba? Kwa binti yangu zilikuwa herufi tatu tu, lakini uzichanganye utakavyo, hawakukosea hata moja. Na yule wa povu akainuka bila kuitwa, akaenda kwenye kalenda ukutani, akaweka kidole juu ya p iliyojificha ndani ya neno Aprili. Mwalimu mkuu alikaa chini kwenye kiti cha mtoto.

Hapa kalamu imenigomea mara mbili. Ile barua ya sandukuni niliiandika mimi.

Nilikuwepo pale kwenye uzio. Nilimwona mwanangu, niliyemsifia mtaa mzima, amepiga magoti katikati ya watoto anapuliza karatasi. Fundi aliuliza lile swali lake, wanawake wakacheka, nami nikacheka nao kama vile simjui. Nikaenda kuandika kwa mkono wa kushoto. Nilidhani ataonywa kidogo, afundishe kama wengine, nisiaibike. Kasuku nimemchamba kurasa mbili hizi, lakini yeye maneno yake aliyasema mwanangu akiwepo. Mimi nilimpelekea maji ya kuoga jioni ile, tukamlaani fundi pamoja. Katika wote niliokuandikia humu, hakuna wa hovyo kama huyu mwenye kalamu.

Jana nilimwambia binti. Akasema kuomba radhi dukani kwa fundi, sisi wawili peke yetu, hakutoshi, kwa sababu fundi aliaibishwa mbele ya watu. Nitasema siku ya wazazi, mbele ya wote, kabla yeye hajaanza somo lake. Fundi nimeshampelekea mwaliko kwa mkono wangu. Aliupokea, hakunikaribisha kiti.

Binti anakusalimu sana, mama yake mkubwa. Nisalimie shemeji na wanao wote. Njoo nao, na shangazi mje naye, mkae mstari wa mbele mnizibie mlango, nisije nikakimbia. Ni Jumamosi tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi.

Mdogo wako