Si Baruti

Jumamosi, 8 Novemba 2003, Irving

Kumbe si baruti. Miezi miwili nimejaza risasi mwenyewe, nimepima baruti mpaka punje ya mwisho, nimekaza skrubu za darubini ya bunduki, na bado matundu yanatawanyika kwenye shabaha.

Leo mke wangu Rehema alinisindikiza kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kule upande wa DeSoto. Akaomba kujaribu. Nikampa risasi tatu kutoka boksi lile lile. Akaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, akapiga taratibu. Matundu yote matatu yangefunikwa na sarafu moja.

"Baba Neema, bunduki yako nzima kabisa!" Alicheka njia nzima. Nilicheka naye, huku mkono wangu wa kulia nimeubana chini ya paja usionekane unavyotetemeka. Marehemu baba alianza hivi hivi.

Na Jumatatu nina zamu hospitalini ya kuwatoa watoto wachanga damu ya vipimo. Mishipa yao ilivyo myembamba...

Tulipofika nyumbani nilimpigia msimamizi, nikamwomba aniondoe kwenye zamu hiyo. Rehema alisikia kutoka jikoni. Akaja.

"Nyoosha mkono nione."

Nikaunyoosha. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, na bado ulitetemeka.