Upanga wa Bama

Jumamosi, 5 Mei 2012

Zamu ya asubuhi tena. Kuogesha wazee, kutandika vitanda, kurudi Ganshoren, hapa Brussels, miguu imevimba. Nimepika wali. Kisha mdogo wangu Idi akaja, na wali ukanishinda.

Ni upanga, kama kawaida. Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Bama, huko Asia, kupigana na Wajapani, akarudi Tanga na upanga wa ofisa wao. Tangu hapo kila bwana harusi wa ukoo wetu huushika siku yake, na mjomba wake ndiye humkabidhi. Baba aliuleta huku alipokuwa dereva wa ubalozi. Baba alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Sasa uko juu ya kabati langu, mali yetu wawili, mimi na Idi.

Idi anataka tuuze, tuezeke nyumba ya Tanga. Paa limeoza, hilo kweli. Mimi nataka mwanangu Salim aushike mwezi ujao. Tumegombana mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho tumekubaliana tuupeleke kwa mjuzi. Ukiwa wa kale na wa thamani, unauzwa. Ukiwa wa kiwandani, unabaki.

Naomba uwe wa kiwandani. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 7 Mei

Tumeuviringisha kwenye mkeka, tukapanda basi. Kila polisi niliyemwona nilihisi ananitazama mimi. Idi anacheka tu. Hana moyo huyu.

Duka la mjuzi liko nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mzee wa Kibelgiji, mpole, kavaa glavu za pamba. Amesema ala na kikingio cha mkono ni vya jeshi, vya wakati wa vita, vilitengenezwa vingi mno. Roho ikatulia. Halafu akasema bapa ni habari nyingine. Maofisa wengine walichukua panga za kale za kwao, wakazivalisha vifaa vya jeshi. Huu wetu umepinda vizuri. Jibu liko kwenye mkia, kile chuma kilichojificha ndani ya mpini. Pale mhunzi huchonga jina lake, na pale kutu nyeusi huonyesha umri.

"Mtu akiisugua hiyo kutu, upanga umekufa," alisema. "Hakuna tena atakayejua ni wa lini."

Mpini wetu umeshonewa ngozi kwa uzi mwekundu. Fundi wa Tanga aliushona kwa ajili ya harusi ya Baba, na haujafunguliwa tangu siku hiyo. Mzee alitaka kuukata palepale. Nimekataa. Nimesema nipeni siku chache, nizoee. Tutarudi Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 19. Idi amenuna njia nzima.

Alhamisi, 10 Mei

Neno lake haliniachi. Mtu akiisugua. Kazini nimemmwagia mzee wa watu chai mapajani, bahati ilikuwa imepoa.

Limau ninalo. Majivu yako kwenye jiko la mishikaki, barazani. Nani atajua?

Salim ameuliza kama naumwa. Nimemfokea. Maskini, kauliza kwa wema. Sina haya mimi.

Jumapili, 13 Mei

Nimefungua.

Salim alikwenda na mchumba wake kupima kanzu. Nilitandika gazeti mezani, nikakata uzi kwa wembe. Chini ya ngozi ya fundi kuna ngozi nyingine, ile ya samaki taa, naijua kwa kuigusa. Nikasukuma kwa sindano ya kufumia kijiti cha mwanzi kinachoushikilia mpini. Mpini ukatoka. Limau nilikuwa nimelikata tayari, nusu mkononi.

Hakuna cha kusugua.

Mkia unang'aa. Madoa madogo ya kahawia hapa na pale, basi. Palipokuwa na jina pamebaki mkwaruzo mmoja. Nilikaa kama nimepigwa kofi. Kisha nikamkumbuka Bibi. Bibi aliyekuwa akisugua sufuria kwa majivu hadi chini ya kishikio. Upanga wa mumewe uende kwa fundi, ushonwe kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na sehemu moja iwe chafu? Bibi yule?

Nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikaisha. Idi atasema ni mimi. Na nikikana, nitakana nini? Limau lilikuwa mkononi mwangu.

Jumanne, 15 Mei

Nimekwenda Ixelles kutafuta uzi mwekundu. Maman Béa, Mkongo wa duka la vitambaa, amenitolea makopo yote.

"Maman Salim, ya rouge haiko. Iko tu noir."

Nimechukua mweusi. Nimeshona jikoni, nimejichoma mara kadhaa. Kwa mbali tofauti haionekani. Najidanganya.

Jumamosi, 19 Mei

Mzee wa duka kafumua uzi wangu bila kuuliza. Katoa mpini, kaangalia mkia kwa lenzi. Nilishika ukingo wa meza.

Amesema umesuguliwa. Zamani sana, kutu mpya imeshaanza kurudi juu yake. Huenda ni upanga wa kale, huenda si wa kale, yeye hawezi kuapa na mnunuzi hatalipia neno "huenda". Alisikitika kama amefiwa. Akatufungia mpini kwa uzi uleule mweusi.

Nimeshinda. Mbona sifurahi?

Kituoni Idi alinitazama usoni. "Uzi ulikuwa mwekundu, dada. Niliushika siku ya harusi yangu."

"Nilifungua Jumapili," nikasema. "Nikiwa na limau mkononi. Bibi alikuwa ameshaniwahi."

Basi likaja, yeye hakupanda. Kaondoka kwa miguu, kaniachia mkeka.

Jumanne, 29 Mei

Hapokei simu. Salim anauliza nani atamkabidhi upanga. Ana mjomba huyo mmoja tu. Nimesema Idi atakuja. Sina hakika hata kidogo. Ningekuwa mimi, nisingekuja.

Jumapili, 3 Juni

Jana ilikuwa harusi.

Salim alikuwa ameshavaa joho na kilemba. Upanga kitandani. Akasema mama, niende mikono mitupu, hakuna neno. Nikamwambia asubiri.

Idi akaingia bila salamu. Mkononi kigurudumu cha uzi mwekundu na sindano ya viatu. Alikaa kwenye ngazi, akafumua uzi mweusi wote, akashona upya. Dereva akapiga honi, wageni wakachungulia, yeye anashona. Mishono imekwenda upogo. Kisha akasimama, akamkabidhi Salim upanga kwa mikono miwili.

Akanigeukia. "Siku nyingine nipigie kabla hujashika limau."

Nimelia, nikaharibu wanja. Paa la Tanga tutaliezeka kidogo kidogo, mimi na yeye.

Leo nyumba imetulia. Idi bado amelala kwenye kochi langu na suti yake. Mkwe wangu, mke wa Salim, kaamka mapema, kaukuta upanga mezani una alama za vidole, kakata limau ausafishe. Nimelikamulia kwenye chai yake, nikampa kitambaa kikavu.