Siku Tano, Itigi hadi Nduguti

Jumatatu, 3 Machi 2025. Itigi, asubuhi

Rejeta lita tano za maji. Oili inatosha. Tairi ya nyuma kushoto imepungua, nimeipampu. Tangi la dizeli linavuja palepale pa siku zote, nimeliziba kwa sabuni ya mche. Betri haina nguvu, kwa hiyo tangu jana nimeliegesha gari kwenye mteremko wa kanisa. Nitaliachia tu, litawaka lenyewe.

Gari lina miaka arobaini na kitu. Nilikuwa afisa mifugo, nililiendesha kazini kutoka josho hadi josho, kisha likapelekwa mnadani na sisi tukalichukua. Watu walicheka. Sasa tumechoka wote watatu, gari, mimi na Baba Neema.

Madaktari wa macho wamepiga kambi Nduguti. Wako mpaka Ijumaa saa kumi, halafu wanafunga mashine zao na kuondoka. Mume wangu ana mtoto wa jicho. Hakuna aliyempima, lakini Mama Sifa jirani yetu alianza hivihivi, akapasuliwa, na leo anachambua mchele mwenyewe. Baba Neema anagonga fremu za milango kwa bega. Wiki iliyopita kakanyaga kifaranga. Mtu aliyesoma taa za ishara za treni miaka thelathini! Sitaki awe kipofu. Sitaki kabisa.

Leo tulale Singida. Kesho mchana Nduguti. Jumatano apasuliwe.

Jumatatu jioni. Manyoni

Kilomita arobaini tu. Siku nzima.

Tumefika Manyoni saa nne. Baba Neema akasema tupite kwa Mzee Saidi, walikuwa pamoja relini, hatuwezi kupita bila kusalimia. Sawa, dakika kumi. Nikasahau kwamba Ramadhani imeanza. Mzee Saidi akasema haiwezekani mgeni aondoke nyumbani kwake bila futari. Saa nne mpaka saa moja jioni ni saa tisa. Nimezihesabu zote nikiwa nimekaa kwenye jamvi, nikitabasamu na mke wake.

Uji wa pilipili manga ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini wakati wa kuagana Baba Neema alimshika mwenzake kidevu, akamsogeza karibu na taa, akamtazama muda mrefu. Mzee mzima unamshika mzee mwenzako kidevu. Nimeona haya mimi.

Jumanne, 4 Machi. Issuna

Eliseba, dada yake Baba Neema, anaishi hapa. Nilijua hatutapita bila kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa chai.

Amechinja mbuzi. Nimemwomba asichinje, nimemweleza habari za madaktari, za Ijumaa saa kumi. Akasema wifi yangu nimekuelewa kabisa, na huku kamba iko mkononi. Kesho ni Jumatano ya Majivu, Kwaresima inaingia, kwa hiyo nyama lazima iishe leo. Wameitwa majirani. Baba Neema kakaa katikati yao anacheka, anasema Kinyaturu harakaharaka, nami Mgogo naambulia neno moja katika matano.

Hana wasiwasi hata kidogo. Mimi ndiye ninayehesabu siku, na macho si yangu. Inaniudhi.

Na Eliseba naye, Baba Neema kamsimamisha mlangoni kwenye mwanga, akamkazia macho. Nilidhani anamwangalia kama ni mgonjwa.

Jumatano, 5 Machi. Singida mjini

Ilikuwa lazima kupakwa majivu kwanza. Ibada saa moja, padri akafika saa tatu.

Kupanda kuelekea mjini rejeta ikachemka. Mpira wa maji umepasuka. Nimeufunga kwa kipande cha tyubu na tumeingia Singida mwendo wa baiskeli, tunasimama kila kijiji kuomba maji. Mvua juu. Waipa ya upande wangu imekufa, nimeendesha nimetoa kichwa nje.

Jivan, mwenye duka la vipuri karibu na stendi ya zamani, alikuwa na mpira wa saizi yetu. Yeye na Baba Neema wanajuana tangu enzi za mabehewa ya mizigo. Kaufunga mpira kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatuagizia chai na kachori. Nikasema tunaondoka sasa hivi. Wakaniangalia wote wawili kama mtoto aliyekatiza maongezi. Tumetoka dukani kiza kinakaribia, na usiku gari hili halina taa ya kulia, kwa hiyo tumelala.

Mgongo unaniuma, mabega yananiuma. Usukani unacheza, unauzungusha nusu mzunguko ndipo tairi zinasikia. Nina miaka sitini na moja. Leo nimejiuliza kama huyu mwanamume anataka kupona au hataki.

Alhamisi, 6 Machi. Ilongero

Nimesubiri kuku.

Mama mdogo wa Baba Neema, Rebeka, yuko kijiji cha pembeni ya Ilongero. Ana miaka tisini au zaidi, hakuna anayejua. Tulifika saa tatu asubuhi. Nilisema mapema, kwa heshima zote, kwamba tunasalimia tu na kuendelea. Bibi akasema lazima kuku. Kuku kasikia, kakimbilia kwenye shamba la alizeti. Alizeti zimenizidi kimo. Watu wanne wakamtafuta. Muda wa saa mbili na nusu. Alipokamatwa ikabidi achinjwe, anyonyolewe, apikwe, na ni jogoo mzee, haivi.

Saa nane nikasema tuondoke, tule njiani. Baba Neema akasema mama huyu alimbeba mgongoni, hawezi kumwachia chungu jikoni. Hapo nikapasuka. Nimepaza sauti mbele ya mama mkwe, jambo ambalo sijawahi kufanya katika miaka thelathini na minane ya ndoa. Nilisema, "Ukipofuka usije ukanililia."

  Baba Neema alichukua kigoda chake akakiweka mbele ya yule bibi, magoti yakagusana, akakaa anamtazama.

Nimekwenda kukaa kwenye gari. Nimeona aibu na hasira haijaisha. Jioni nimempigia bibi magoti, nimeomba radhi, akanipapasa kichwa. Kwa mume wangu sijaomba.

Mvua imeanza tena. Kesho ndiyo Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi. Nduguti



Tumetoka saa kumi na mbili asubuhi. Hatusemezani. Barabara ni udongo mweusi, ukilowa unakuwa ugali. Saa tatu tumezama mpaka ekseli. Gia ya four-wheel haiingii mpaka uipige nyundo, nimelala chini kwenye matope nikaipiga. Ikaingia. Tairi zote nne zikazunguka palepale. Jeki ikazama. Nimekata matawi, nimepanga mawe. Baba Neema alitaka kusaidia, akajikwaa kwenye jiwe ambalo lilikuwa kando ya mguu wake, akaanguka kifudifudi. Nimemwinua. Nimemfuta uso kwa kanga yangu. 

Saa sita wakaja wakulima na jozi tatu za maksai wa kulimia. Wakatufunga mnyororo, ng'ombe wakavuta, tukatoka. Akaanza kuwaaga mmojammoja, jina lako nani, wa ukoo gani. Nilidhani atawaaga na ng'ombe.

Tumeingia Nduguti saa tisa na dakika arobaini. Hema lilikuwa linakunjwa. Masanduku yako kwenye lori. Nimeruka kutoka garini na matope mpaka kwenye nywele, nimemkuta daktari, binti mdogo kuliko Neema wetu, anafunga mkoba. Nikaanza kueleza, Itigi, siku tano, futari, mbuzi, kuku. Naona alinihurumia. Akamwamkia Baba Neema, shikamoo babu, akamkalisha kwenye sanduku, akafungua tena mkoba wake.

Kamtazama kwa kurunzi muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, huyu hana mtoto wa jicho. Ni presha ya macho. Haina cha kupasua."

Akaeleza polepole. Mishipa ya nyuma ya jicho imekufa kidogokidogo, kuanzia pembeni. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, inachelewesha kilichobaki kisipotee haraka, lakini haizuii milele. Akauliza kama mzee amewahi kupimwa popote.

Nikasema hapana, hajawahi.

 Baba Neema akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa kadi ya hospitali ya Dodoma na kichupa cha dawa, kimebaki robo. Kadi ni ya mwezi wa tano mwaka jana. Maneno yaliyoandikwa ni yaleyale aliyosema binti yule. Mwezi wa tano aliniambia anakwenda Dodoma kuhakiki pensheni.

Alijua.

Jumamosi, 8 Machi. Nduguti

Sijamwamkia asubuhi. Nimefua kanga na koti lake, nimekwangua matope kwenye springi kwa panga. Nilitaka kumwacha nyumba ya wageni na kurudi Itigi peke yangu. Nimewaza hivyo kabisa. Siku tano mgongo wangu unakatika, kumbe nampeleka mtu kwa daktari ambaye hamhitaji. Miezi kumi anajiwekea matone chooni ili nisimwone.

Mchana kaja mwenyewe nilipokuwa naanika. Kaeleza akiwa amesimama, bila kujitetea sana. Alisema angeniambia ningemfungia ndani, nimshike mkono mpaka kwenda chooni. Ni kweli, ningefanya hivyo. Alisema alitaka aone watu wake wakati nyuso bado ni nyuso, na watu wake wote wako kwenye njia hii moja. Angeniomba nimwendeshe siku tano kwenda kutazama watu tu, kwa gari lile, masika, ningekataa. Hiyo nayo ni kweli. Ila ukiniambia hospitali nitalisukuma gari kwa kichwa, na yeye anajua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema hata Alhamisi, nilipotamka lile neno. Kasema aliona nimechoka.

Nimelia nyuma ya kamba ya nguo. Nimelia kwa sababu kanidanganya, na kwa sababu madaktari wameondoka, na hakuna kambi nyingine ya kukimbilia. Atakuwa kipofu. Nimeomba radhi. Naye kaomba ya kwake.

Jioni nimemwekea matone mimi. Anapepesa sana, nusu imemwagikia shavuni. Nitajifunza.

Jumapili, 9 Machi. Nduguti

Tumetoka kanisani saa nne. Mvua imekatika na jua ni kali. Nimefungua boneti niangalie maji kabla ya kuondoka. Ule mpira wa Jivan unashika vizuri.

Baba Neema kaja kwa kupapasa ubavu wa gari. Akaniambia nitoke humo nikae kwenye bampa, uso juani. Nikasema nina oili usoni na sijachana nywele. Akasema nikae hivyohivyo. Wiki nzima, alisema, ameona sikio langu la kushoto tu.

Nikakaa. Akanishika kidevu. Kageuza uso wangu huku, kaugeuza huku, akaanzia juu kwenye nywele, akashuka taratibu, anasogeza kichwa chake kidogokidogo kwa sababu bomba lake ni dogo, haliingizi uso wote mara moja. Mhudumu wa nyumba ya wageni alitoka na ndoo, akatuona, akarudi ndani. Jua liliniumiza macho, machozi yakatoka, sikuyafuta. Sijui tulikaa muda gani.

Alipomaliza nikamuuliza ameona nini.

Akasema nimezeeka.

Nikamwambia na yeye pia. Nikafunga boneti, nikamfungulia mlango, akapanda.