Magurudumu Manne ya Jaber

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kisumu, Ijumaa tarehe 14 Juni 1991, kuanzia saa nane mchana.

Jina: Dalmas Onditi
Umri: Miaka kumi na tisa
Kazi: Kondakta wa matatu
Makao: Kaloleni, kwa mama yangu
Masomo: Darasa la sita, na la saba kidogo

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya kwa hiari yangu. Sijapigwa wala kununuliwa chai.

Ninafanya kazi katika matatu namba KVT 318, ambayo ubavuni imeandikwa JABER, maana yake mrembo. Maandishi hayo nilichora mimi mwenyewe. Kati ya Mamboleo na mjini hakuna kondakta anayejaza gari haraka kama mimi, uliza mtu yeyote. Afande amesema hilo halihusiani na kesi. Mimi naona linahusiana kidogo, kwa sababu mtu ajue anayesema hapa anaijua hiyo gari.

Mwenye gari ni Bwana Walter Ogada wa duka la unga pale Mamboleo. Ndiye aliyeleta malalamiko. Aliinunua mwezi uliopita kutoka kwa Mzee Oketch wa Kaloleni, ambaye alikuwa amechoka na barabara. Bwana Walter ni mtu mzuri, lakini mambo ya gari anayajua kama mimi ninavyojua hesabu za sekondari.

Sasa, steji yetu ina desturi ambayo Bwana Walter hakuwahi kuelezwa. Gari ikiitwa ukaguzi, tunaivisha kama bwana harusi. Huyu anatoa waipa, yule anatoa honi, mwingine mtungi wa kuzima moto, na mwenye tairi nzuri anatoa magurudumu yake. Ikirudi, kila mtu anachukua chake. Anayeazima magurudumu huacha koti lake limefungwa kwenye kioo cha pembeni cha gari iliyovuliwa, ili mwenyewe akipita ajue hajaibiwa. Ruhusa hutolewa na kondakta, kwa sababu wenye magari huwa hawapatikani asubuhi. Wakati wa Mzee Oketch tairi za Jaber zilikuwa nzuri kuliko zote za steji. Zilikuwa zinaenda ukaguzi mara nyingi kuliko Jaber mwenyewe.

Mnamo Alhamisi tarehe 13, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa Migosi tunapolaza gari, nyuma ya nyumba za kupanga. Alikuja Absalom Ogweno, ambaye sasa mmemfungia humu ndani. Yeye ni dereva wa matatu nyingine ya steji yetu, tunagombania abiria kila siku. Alisema leo ndiyo zamu yake ya ukaguzi na tairi zake zimekwisha meno. Nikamwambia chukua. Ruhusa nilitoa mimi, kwa mdomo huu huu, nikiwa na akili timamu. Ningemsaidia kufungua nati, lakini nilikuwa nimevaa shati jeupe, na shati jeupe na grisi havipatani. Nilienda kwa Mama Lornah kunywa chai na mandazi. Niliporudi, Jaber ilikuwa juu ya mawe, koti la Absalom liko kwenye kioo, na yeye ameshaondoka. Nikaona mambo ni sawa.

Saa tisa hivi alirudi. Nilitazama kwenye kioo chake cha mbele, sikuona kibandiko cha ukaguzi, nikaanza kumcheka. Nilimwambia hata ukivishwa na tai, bado wewe wa kijijini. Akanieleza kwamba mkaguzi, Bwana Wakhisi, alikuta breki zake ziko sawa, usukani uko sawa, taa zote zinawaka. Halafu akafika kwenye magurudumu akasimama. Akasema haya nayajua, yamekuja kunisalimia mara nyingi mwaka huu, kila mara yamevaa gari tofauti. Akamwangusha, akamwambia arudi na tairi zake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba iandikwe vizuri: magurudumu yale hayakumsaidia Absalom kitu chochote.

Nikampa pole, nikamwambia basi yarudishe, Jumamosi tuna safari. Akasema harudishi. Hapo tulivurugana. Nilimshika shati. Sikumpiga, ingawa ningetaka ningemweza. Afande ametabasamu hapo na nimeomba aandike kwamba ametabasamu.

Absalom hakunitoa mkono. Aliniambia, "Dalmas, vua hilo shati lako la Krismasi, tuingie huku chini."

Nikalivua, nikalitundika kwenye kioo juu ya koti lake, tukaingia chini ya Jaber. Alinishikisha mahali gurudumu la mbele la kushoto linapokaa, akasema tikisa. Nikatikisa. Ilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Boljoint, ile chuma ya mviringo inayoshikilia gurudumu lisichomoke, ilikuwa imelika yote. Halafu akanionyesha bomba la breki. Fundi fulani alikuwa amelizungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, na utepe ulikuwa umelowa. Nikagusa kwa kidole nikaonja. Haikuwa maji, ilikuwa mafuta ya breki. Nimetema mate mpaka jioni.

Absalom alisema aliyaona hayo asubuhi wakati anavua magurudumu, na kule kwenye foleni ya ukaguzi alikuwa akiwaza hayo tu. Akaniuliza Jumamosi tunabeba nani. Nikasema akina mama wa kwaya, wanaenda kuimba kwenye harusi kule Kiboswa, halafu jioni tunateremka nao mlima wa Riat kurudi mjini. Akauliza kama Mama Dorca yumo. Mama Dorca ni mama yangu mzazi. Nikasema yumo, na ameshachagua kiti cha mbele kwa sababu ya magoti yake.

Absalom alijifuta mkono kwenye suruali. Kisha akasema, "Basi magurudumu yatakaa kwangu. Nikiyarudisha leo, kesho kutwa nitakuja nyumbani kwenu kulia."

Tulibaki tumelala chini pale, tunaangalia tumbo la gari ambayo nimeisifu kwa watu wote wa Mamboleo.

Tulikwenda pamoja kwa Bwana Walter dukani. Absalom alimweleza kwa heshima, akimwita Mzee, ingawa Bwana Walter hata mvi hana. Bwana Walter alikuwa na wateja wengi. Alisema hiyo ni wivu ya steji, na kwamba Mzee Oketch amebeba watu na gari hiyo miaka mingi bila kumwangusha hata mtu mmoja. Mimi nikasema anayosema Absalom ni kweli, nimeona kwa macho. Akaniambia kazi yangu ni kuita abiria. Akaenda Migosi, akakuta gari yake iko juu ya mawe. Koti na shati aliyaona, lakini kwake yeye hizo zilikuwa nguo tu. Saa kumi na moja jioni polisi walifika kwa Absalom wakamchukua pamoja na magurudumu manne. Hakubishana nao. Aliwasaidia kuyapakia.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama yote. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango. Niliogopa atauliza habari za safari, lakini aliuliza kama Absalom amekula. Nikasema sijui. Akawasha jiko. Nasikia kile chakula kilimfikia, na kwa hilo nawashukuru nyinyi polisi, ingawa si kawaida yangu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa miguu mpaka uwanja wa ukaguzi nikamkuta Bwana Wakhisi langoni. Nikamwomba aje aitazame Jaber. Alisema yeye hakagui gari ambayo haijaletwa kwake. Nikamwambia itakujaje, miguu yake iko polisi. Akacheka kwa muda mrefu, akasema atapita Migosi saa ya chai. Nilifikiri ananifukuza kwa adabu. Alipita kweli, na suruali yake imepigwa pasi. Akatandika boksi la katoni chini akaingia.

Alikaa huko mpaka nikadhani amelala. Alipotoka hakuwa anacheka tena. Alisema gurudumu la kushoto lingechomoka, hilo si la kubahatisha, ni kungoja siku tu. Alisema bomba la breki lingepasuka mara ya kwanza dereva akikanyaga kwa nguvu, na mtu hukanyaga kwa nguvu akiwa mteremkoni, si kwenye tambarare. Hendibreki alivuta kwa kidole kimoja ikaja yote mikononi, haijaunganishwa na chochote. Kiti cha nyuma hakina bolti, kimekaa tu kama mgeni. Taa ya kulia inaangalia mbinguni. Moshi wa ekzosi unaingia ndani kupitia tundu ambalo mimi nililifunika kwa zulia nikidhani ni urembo. Mlango wa nyuma nimeufunga kwa kamba mimi mwenyewe, fundo zuri kabisa, na hata hilo fundo alilikataa.

Nikamuuliza kama sisi ndio wabaya kuliko wote. Akasema hapana. Alisema gari nyingi za abiria zinazoanguka kwake zinaangukia hapo hapo, breki, usukani na taa, na watu wanahangaika na tairi kwa sababu tairi inaonekana. Akaniambia, "Nyinyi mnavalisha maiti viatu vipya."

Sikulipenda hilo neno, lakini nimelisema kama alivyolisema. Yuko tayari kuja hapa akiitwa.

Afande ameniuliza kwa nini namtetea mtu tunayegombania naye abiria. Nimemjibu hivi. Absalom angeweza kufunga nati na kunyamaza. Gari si yake, abiria si wake, na Jaber ikitoka barabarani yeye ndiye anafaidika. Tena angengoja mpaka Jumamosi usiku tu. Badala yake amelala kwenye sakafu yenu. Mimi nimemtania huyo mtu tangu nianze kazi, nimemwita majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya Afande, na bado aliniita nivue shati nione. Ningekuwa mlangoni Jumamosi. Mama angekuwa mbele. Sijui asante ya namna hiyo inasemwaje, kwa hiyo nimekuja kuisemea hapa, ambapo itaandikwa.

Nimesikia Bwana Walter ameomba apewe magurudumu leo ili asafiri kesho. Magurudumu yako hapo nyuma ya kaunta, nimeyaona nikiingia. Naomba asipewe kabla gari haijatengenezwa. Kama ni lazima kitu kilale ndani leo, fungieni magurudumu, mwachilieni mtu.

Nimemaliza. Niliyosema ni yangu, nimesomewa yote kwa Kiswahili, na sina la kupunguza. La kuongeza ninalo, lakini Afande amefunga kalamu.

(Sahihi) D. Onditi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Zamzam Mbarak, na kumsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi. Saa tisa na nusu nilimsomea mlalamishi, Walter Ogada, aliyekuwa akingoja kwenye benchi. Aliomba twende Migosi. Alivua saa yake, akaingia chini ya gari, akashika mahali pa gurudumu la kushoto na kutikisa. Tuliporudi kituoni aliondoa malalamiko, akaomba magurudumu yabaki hapa mpaka fundi amalize kazi. Absalom Ogweno ameachiliwa saa kumi na moja jioni. Nilipomfungulia mlango aliuliza kama lile gari bado liko juu ya mawe. Nilimwambia liko. Akasema anaenda moja kwa moja Migosi, kwa kuwa watoto wametoka shule na huenda wanacheza chini yake.

(Sahihi) Z. Mbarak