Mashua Yetu Iko Makaburini

Jumanne, 24 Mei 2005

Marijeta amepiga simu kutoka Zagreb. Binti yangu akianza na "Mama, usikasirike", najua nitakasirika. Amepata mnunuzi wa mashua – daktari wa meno, Mslovenia, mwenye pesa na subira. Anasema macho ya baba yake yamekwisha, siku moja atatuzamisha wote wawili. Nikamwambia hajamwona baba yake akitia gati siku hizi. Akajibu: hata Baba mwenyewe hajioni akitia gati!

Ana mdomo mtoto huyu. Kaurithi kwangu.

Tumekubaliana hivi. Siku ya Mtakatifu Ante, tarehe kumi na tatu Juni, tukifika kwenye kisiwa cha kanisa sisi wawili peke yetu na kurudi salama, atanyamaza, na daktari atafute mashua kwingine. Tukishindwa, tunauza. Mume wangu Jerko amekubali huku anachambua dagaa wa chumvi, kama vile anaulizwa habari za hali ya hewa. Lakini dagaa hakuwamaliza.

Safari hii ni nadhiri ya marehemu baba yake. Aliponusurika dhoruba aliahidi kwamba mashua ya nyumba hii itapeleka mafuta ya taa ya kanisa kila mwaka. Haijakosa hata mara moja, hata wakati wa vita. Kwa Jerko kuuza mashua ni kuvunja neno la baba.

Shida ni kwamba hasomi tena ramani. Anasema katikati ya kila anachokitazama pana doa. Pembeni anaona. Anasema anaona vya kutosha.

Alhamisi, 26 Mei

Nimeamua. Macho yake nitakuwa mimi! Laptopu ya zamani ya Marijeta ipo. Programu ya urambazaji imo ndani, aliiweka kiangazi kilichopita akaichoka. Kinachokosekana ni kipokezi cha GPS cha kuiambia tuko wapi. Nimestaafu posta; kazi yangu yote ilikuwa kujua kitu kiko wapi.

Jerko kasikiliza, kanywa mvinyo wake uliochanganywa na maji, kisha katoa sharti. Kompyuta itumie ramani yake yeye, ile ya karatasi yenye penseli ya baba yake – miamba ambayo mchoraji hakuijua, mzee aliigonga mwenyewe na kuichora. Ramani ya watu wengine haitaki. Nikasema sawa. Kubishana na Jerko ni kutwanga maji.

Jirani Lukša, anayefunga mashua yake kando ya yetu, alisikia yote. Akanionea huruma kwa sauti kubwa ili gati zima lisikie.

Ijumaa, 27 Mei

Nimekwenda mjini Split kwa feri ya alfajiri, duka la vifaa vya baharini. Muuzaji anaitwa Senka, mwanamke wa makamo, hacheki ovyo. Nikampenda hapo hapo. Aliweka vipokezi vitatu mezani.

Cha kwanza cha kushika mkononi, kina kioo chake. Kizuri – lakini waya wake una kichwa kipana cha pini tisa, na laptopu yangu haina tundu hilo. Cha pili hakina waya kabisa, kinaongea na laptopu hewani. Nilikuwa karibu kukichukua! Senka akauliza nani atakumbuka kukichaji. Nikafikiria nyumba yetu. Nikakirudisha.

Cha tatu ni kidude cheusi, hakizidi biskuti, kina sumaku tumboni na waya mrefu wa USB. Umeme kinapata kwa laptopu yenyewe. Hakina cha kuchaji wala cha kusahau. Nimechukua hicho.

Senka aliipiga ramani ya Jerko skani, akaifunga kwenye programu kwa kubofya pembe zake nne. Aliitazama penseli ya mzee muda mrefu. Akasema tusiiloweshe.

Jumapili, 29 Mei

Baada ya misa nimechomeka. Kimya! Programu inasema hakuna kipokezi. Kidude kinawaka taa nyekundu kama kinanicheka.

Baadaye mshale wa kwenye kioo ukaanza kurukaruka wenyewe, unafungua mafaili, unafunga. Jerko akauliza kama inabidi tumwite padri. Kumbe laptopu inadhani kidude ni kipanya! Nimeizima, nikaiwasha kwanza, ndipo nikachomeka. Ikatulia.

Kisha mlango, yaani njia ambayo vifaa huongelea na kompyuta. Kidude kinaongea mlango wa saba, programu inasikiliza wa kwanza. Ni sawa na mgeni kubisha jikoni na mwenyeji akimngoja sebuleni. Nikabadilisha namba. Herufi zikaanza kumiminika. Lakini setilaiti sifuri – maana niko ndani ya kuta za mawe unene wa mkono mzima. Nikatoka barabarani na laptopu kifuani na kidude juu ya ndoo ya chuma. Watu wanatoka kula, wananipita, wananiamkia kwa adabu kama mgonjwa.

Dakika kadhaa. Kisha taa ya kijani! Nililia kidogo. Ndiyo, nililia, mbele ya ndoo.

Jumatano, 1 Juni

Leo mashuani, kila kitu mahali pake. Sumaku imeshika bati juu ya paa la kibanda, waya umepita dirishani. Nikafungua ramani ya Jerko. Mashua yetu, iliyofungwa gatini, inaonekana katikati ya makaburi, juu mlimani.

Lukša alichungulia. "Jerko! Mkeo kakuzika ukiwa hai!"

"Afadhali," Jerko kasema, "pale kuna upepo."

Walicheka hadi wakakohoa. Mkahawani wakaendelea. Mimi nikacheka pia, meno tu.

Jioni Jerko hakucheka tena. Alikaa mezani akipapasa ramani ya karatasi kwa vidole. Akaniambia niirudishe dukani, na Marijeta ampigie daktari wake. Nilimwona amezeeka ghafla, na nikaona uchungu kwamba ni kidude changu kilichomfanyia hivyo.

Jumamosi, 4 Juni

Sirudishi kitu. Nimezunguka bandari yote. Mwisho wa gati: kidude kinasema niko nyumba ya shule. Mnara wa taa: kinasema niko gatini. Kila mahali kosa ni moja – upande wa magharibi, karibu mita mia nne, wala halizidi wala halipungui. Mlevi hakosei hivyo. Anayekosea hivyo anafuata kanuni.

Nikampigia Senka. Akauliza ramani ni ya lini. Nikasema ya enzi za Yugoslavia, ya baba mkwe. Akasema:

"Bibi Tonka, kosa ni langu, ningeuliza. Ramani hiyo ilipimwa kabla ya setilaiti. Inaihesabu dunia kwa kipimo chake, kidude kwa kingine. Wote wawili wanasema kweli."

Kuna mahali kwenye programu pa kuandika tofauti. Nimeandika. Mashua ikashuka makaburini, ikapita juu ya kanisa, ikaingia majini, ikakaa gatini!

Nimemwita Jerko. Hakuona kioo, bila shaka. Nikamwambia. Akauliza: "Na mwamba wa baba?" Upo, nikasema, na penseli yake. Akanishika bega.

Jumatano, 8 Juni

Majaribio, kwenda na kurudi hadi rasi. Nasema "kushoto", anakwenda kushoto. Miaka yote ya ndoa hatujaelewana hivi hata siku moja. Lukša ameacha kuchungulia.

Jumatatu, 13 Juni

Naandika mashuani. Tumefika! Mashua tano ziko mbele yetu, kila moja inangoja zamu ya kutia gati kisiwani. Jerko yuko ndani anavaa shati la misa.

Jugo, ule upepo wa kusini, ulivuma usiku, ukaacha ukungu mzito, nchi kavu yote ikatoweka. Miaka mingine Jerko huupita mwamba wa baba yake kwa kuulinganisha mnara wa kanisa na bega la mlima. Leo hapakuwa na mnara wala mlima. Niliweka laptopu kwenye sanduku la samaki, nikajifunika blanketi nione kioo. Na nikamsikia akisema, bila kugeuka:

"Tuko wapi, Tonka?"

Hajawahi kuniuliza hivyo baharini. Nilimwambia. Kulia kidogo. Kidogo tena. Sasa nyoosha. Povu la mwamba lilipita kushoto kwetu, pale pale penye penseli. Nilifurahi!

Kisha ukungu ukaanza kufunguka. Kwetu mwenye kuliona kanisa kwanza huvua kofia, wengine humfuata, na glasi ya kwanza ya mvinyo ni yake. Jerko akasimama, akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba.

"Mwaka huu wamelipaka chokaa vizuri," akasema.

Alikuwa anatazama jahazi la watalii, jeupe, limetia nanga. Lilikuwa karibu kabisa. Mtu alikuwa anaanika taulo juu yake. Kanisa lilikuwa upande wa pili, nyuma ya bega lake.

Nilivua kitambaa changu cha kichwa. Sikujua la kufanya, nikavua kitambaa. Nikasema, kulia, Jerko. Akasema anajua.

Sasa simu inaita kwenye mfuko. Ni Marijeta. Najua swali lake la kwanza ni kama tumefika, na la pili ni la macho. Jerko anapaza sauti kutoka ndani, anacheka, amekwisha kujimiminia ile glasi:

"Pokea basi! Mwambie mwanao tumefika. Na mwambie baba yake kaliona kanisa kabla yako."

Inaita bado.